Istilahi za Gari: Springi na Shokapu

Barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, pamoja na njia za Vuga, ina kona nyingi na miteremko mikali. Gari kuukuu lisilotulia huko ni hatari, na matengenezo yake huanza kwa kukitaja kila kifaa kwa jina lake.

Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kudunda. Ndani yake mna mafuta yasukumwayo kupita katika matundu madogo, na nguvu ya mdundo hugeuka kuwa joto.

Maneno hayo yakichanganywa, mwenye gari huweza kununua springi ngumu ilhali kilichochoka ni shokapu. Gari litazidi kuruka, na tairi lisiloshika ardhi halitii breki wala usukani. Mwenye fedha kidogo na aibonyeze pembe ya gari, kisha aiachie: likidunda zaidi ya mara mbili, shokapu imechoka. Abadilishe zote mbili za ekseli moja, akague na bushi. Asikate springi ili kulishusha gari.

Tukitafsiri neno kwa neno tutapata "kifyonza mshtuko", jina lipotoshalo, kwani mshtuko hupokewa kwanza na springi. "Kituliza mdundo" lingeeleza kazi yenyewe. Hata hivyo, shokapu limekwisha kuzoeleka kwa mafundi. Twaona libaki, mradi kamusi zilipambanue waziwazi na springi.