Simu Yako Haina Google? Hivi Ndivyo Utazima Wakora na Wauza Ploti

Uko stage ya Kitengela unangoja mathree ya kwenda tao, simu inalia. Namba huijui. Inaweza kuwa yule msee wa EPZ ulimwachia CV wiki jana. Inaweza pia kuwa dem mwenye sauti tamu anakuuzia ploti ya hamsini kwa mia huko Isinya, hati iko tayari, gari ya kwenda kuona shamba inatoka Jumamosi. Ama ni mkora anajiita kastoma kea. Usiposhika, pengine job imeenda. Ukishika, umepoteza dakika tano, au kila kitu kilikuwa kwa M-Pesa.

Wasee wengi hutatua hii kitu na Truecaller na maisha yanasonga. Truecaller ni ya Stockholm, ilianza 2009, na nguvu yake ni watu: jinsi watu wanavyoseivu na kuripoti namba ndivyo jina linatokea kwa skrini yako. Ndio maana kuna fundi wa TV mtaani hajawahi kuigusa hiyo programu na bado jina lake liko ndani, tena limeandikwa vile mteja mmoja aliyekasirika alimseivu. Hata bila Truecaller, programu ya simu ya Google yenyewe huweza kukuonya kwamba namba fulani ni spamu.

Sasa wewe uko upande ule mwingine. Umeweka GrapheneOS kwa Pixel, ama LineageOS, ama /e/OS. Ama uko na Huawei iliyotoka baada ya Mei 2019, Marekani ilipoikatia njia ya Google, kwa hivyo hata hukuchagua, ulijipata tu. Hakuna wa kukuonya. Habari njema ni kwamba mtambo wa kubloki haukuwahi kuwa mali ya Google peke yake.

Tangu Android 7 ya 2016, orodha ya namba zilizozuiwa iko ndani ya mfumo wenyewe. Fungua programu ya kupiga simu, bonyeza zile nukta tatu, ingia mipangilio, utaiona. Pale pia kuna swichi ya kuzima wanaoficha namba. Washa hiyo leo. Lakini kubloki moja moja ni kufukuza kuku bila kufunga geti. Mkora ana laini nyingine mfukoni.

Kitu mimi ningeanza nayo ni Usisumbue, ile ya mwezi. Watu huifikiria ni ya kulala tu. Iweke hivi: simu kutoka kwa namba ulizoseivu zilie, wengine wanyamaze, halafu washa ile ya kuruhusu anayerudia. Mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia. Fikiria kidogo. Anayesoma orodha ya namba mia tatu hana muda wa kukurudia. Anashuka kwa namba inayofuata. HR anayekutaka kesho saa mbili atapiga tena. Mamako akiwa na simu ya jirani kule ocha atapiga tena. Na hata asiporudia, namba yake iko kwa orodha ya simu zilizokupita, hujapoteza kitu. Hakuna programu umeweka, hakuna anayejua ni nani alikupigia.

Kabla ya kurudisha simu, kuna ile njia yetu ya Kenya. Ingia *334#, anza kutuma pesa kidogo kwa ile namba, jina litatokea kabla hujathibitisha, halafu toka. Usikamilishe! Hiyo inakupa jina la mwenye laini bila kupeleka kitabu chako cha simu Stockholm. Usiliamini kabisa, kwa sababu wakora husajili laini na kitambulisho cha watu wengine. Lakini mtu akikuambia anaitwa Kevin wa benki na laini inasema Njeri, umeshapata rada.

Ukitaka nguvu zaidi, ingia F-Droid, lile duka la programu huria ambalo limekuwepo tangu 2010. Tafuta Fossify Phone. Hiyo inachukua nafasi ya programu yako ya simu na inakuruhusu kuzuia kwa muundo, si kwa namba moja. Ukiandika +25420* na 020*, umezima laini zote za ofisi za Nairobi zinazoanza hivyo. Tamu, lakini chunga: hospitali na benki nao hutumia 020. Kama uko na mgonjwa wadi, ama umeomba mkopo wa kweli, usijaribu hii mchezo.

Mwenye anajua kucheza na mipangilio atapenda SpamBlocker. Tangu Android 10, mfumo unakubali programu moja ichuje simu bila kuwa programu yako ya kupiga, kwa hivyo unabaki na ile umezoea. Unaipa sheria: walio kwa simu yako wapite, niliowapigia mwenyewe wapite, anayerudia apite. Sheria ninayoipenda ni ile ya programu ulizotumia hivi karibuni. Umeitisha Bolt, dereva anapiga na namba hujui. Kwa sababu ulikuwa kwa Bolt dakika chache zilizopita, SpamBlocker inamfungulia. Muda ukiisha, geti linafungwa. Na kama huna ndugu Doha wala Marekani, tupa nje kila namba ya kigeni. Zile simu zinazolia mara moja na kukatika kutoka nchi hujawahi sikia zinataka tu urudishe, ulipe bei ya huko.

Kuna vitu simu yoyote ile haiwezi kuzuia, lazima vikae kichwani. Safaricom hupigia wateja kutoka 0722 000 000 pekee. Mtu akikuambia ubonyeze kitu kinaanza na *33* ndio "tukusaidie laini", kata. Hiyo ni kodi ya kufunga simu zinazotoka, yaani anataka ushindwe kupiga kuomba msaada wakati anakuchanga. Inayoanza na **21* ni mbaya zaidi, inapeleka simu zako kwake. Ukishuku, bonyeza *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa mahali, ##21# inaondoa. Namba ya mkora itume 333, ni bure. Meseji za matangazo za Safaricom huzimwa kwa *456*9*5#.

Swali kubwa ni namba yako waliipata wapi. Angalia kitabu cha askari kwa geti: jina, namba ya kitambulisho, simu, na kila anayeingia baada yako anasoma. Halafu programu za mkopo. Zile huomba kuona namba zote ulizoseivu, na ukichelewa kulipa wanaanza kupigia mjomba, pastor na mdosi wako. Kanuni za Benki Kuu za 2022 kwa wakopeshaji wa mtandaoni zilikataza hiyo tabia. Mwaka wa 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga Mulla Pride, kampuni iliyokuwa na KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu kuwatishia.

Hapa ndipo simu yako bila Google inawapita wengine. GrapheneOS ina kitu inaitwa Contact Scopes. Programu ikidai kuona kitabu chako cha simu, unaiambia sawa, ingia, lakini inakuta nyumba tupu, ama inaona wale wawili tu umechagua. Mjomba hajulikani. Pastor analala.

WhatsApp nayo iguse ukiwa hapo: mipangilio, faragha, simu, nyamazisha wasiojulikana. Hiyo iliingia Juni 2023, na bila hiyo kazi yote ya juu inapitwa na mlango wa nyuma.

Na yule muuza ploti akizidi? Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 una haki ya kukataa namba yako itumike kukuuzia vitu. Mwandikie meseji akuondoe kwa orodha, uliza namba yako aliitoa wapi. Weka tarehe, picha ya skrini, jina la kampuni. Akipiga tena baada ya hapo, peleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna kupitia tovuti yao. Hulipi kitu, na sheria inawapa siku 90 kumaliza.