Rangi za Fainali na Swali la Mtoto

Kwenye Super Bowl, fainali ya futiboli ya Marekani, kila mwisho wa uwanja una ukanda wa yadi 10 unaopakwa rangi na jina la timu. Mchezaji akifikisha mpira kwenye ukanda wa wapinzani, timu yake hupata pointi 6. Hilo mtoto huelewa upesi.

Mtihani ni maandishi ya nyuma ya ukanda. Tangu fainali ya 2021 yalikuwepo maneno ya kukomesha ubaguzi wa rangi. Februari 2025, mjini New Orleans, yakabadilishwa kuwa “Chagueni Upendo”. Ligi ilitaja majanga ya karibuni. Wakosoaji wakasema imekwepa.

Mzazi, mtoto akiuliza sababu, mweleze pande zote mbili. Kisha muulize: wewe ungeandika nini? Huenda ukajua anayoyapitia shuleni.