Guka wa Wati 100

Uliza msee yeyote wa tao Marshall ni nini, atakushow ni hedifoni. Ama ile spika ya blututhi nyeusi yenye huwekwa kwa shelfu ya kinyozi ndo place ikae ya madoo. Si uwongo, lakini hao ni wajukuu tu. Mwenye jina ni guka wao, amplifaya ya gitaa: sanduku nzito ya mbao, imevalishwa ngozi feki nyeusi, ndani iko na vioo zinawaka rangi ya chungwa, na imeharibia wasee wengi masikio wakiwa wanasmile.

Jim Marshall mwenyewe hata hakuwa wa gitaa. Alikuwa mchapa dramu, anafunza vijana, na 1960 akafungua duka Hanwell, magharibi ya London. Wagitaa wakaanza kumjaa hapo wakiteta: amplifaya za Marekani ni ghali, za Uingereza hazina makali. Jim na mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, wakachukua Fender Bassman, wakaisoma hadi ndani, na 1962 wakatoa yao, JTM45. Ilikuwa kopi, tusidanganyane. Lakini walitumia spea zenye walikuwa wanapata Uingereza, na spika za Celestion ndani ya boksi imefungwa nyuma, so ikatoka na sauti yake. Mkali zaidi, mkorofi kiasi.

Halafu kukakuja Pete Townshend na John Entwistle wa bendi ya The Who. Hawa mabuda walikuwa na beef ya volyumu hapo hapo kwa stage moja, kila mtu anataka kuskika juu ya mwenzake, na nyuma yao Keith Moon anachapa dramu ni kama zimemkosea. Wati 45 haikuwa inawafikisha. 1965 Jim akawapa wati 100. Townshend akadai pia boksi moja ya spika nane za inchi 12. Akapewa. Wabebaji wake wakakataa, manze, ju hio kitu ilikuwa inavunja watu mgongo. Ikakatwa mara mbili, spika nne juu, nne chini, na hapo ndo ile minara yenye unaona kwa kila poster ya rock ilizaliwa. Historia ya luku ya rock, kumbe ni wasee wa kubeba mizigo walikuwa wamechoka.

Kati ya hizo za wati 100, yenye wasee huabudu sana ni Super Lead, modeli 1959 (hio si mwaka, ni namba ya katalogi tu). Zile za kabla katikati ya 1969 zinaitwa Plexi, ju paneli ya mbele ilikuwa ya plastiki ya Plexiglas kabla waende aluminiamu. Tyubu, ndo zile vioo za kuwaka, nne kubwa za EL34, tatu ndogo za ECC83, transfoma nzito, na basi. Hakuna rivabu, hakuna kidude cha kuchange sauti na mguu. Ukipata original saa hii utaulizwa maelfu ya dola, doh ya mtu kujinunulia Vitz imetumika na abaki na ya mafuta.

Na hapa kwa wati ndo watu huchanganyikiwa. Unadhani wati 100 ni kelele mara mbili ya wati 50? Zii. Ukidabo wati unaongeza desibeli 3 tu. Ndo sikio ikubali kelele imedabo, unahitaji kama mara kumi ya wati. So kama ni kelele pekee unatafuta, wati 50 ingekutosha na mgongo wako ingeshukuru. Chenye unalipia kwa wati 100 ni kifua. Chapa kodi nzito kwa nyuzi za chini: amplifaya ndogo inalegea, inakunja sauti, inakuja kuamka baadaye. Guka hakunji. Noti inatoka ikiwa imesimama, na unaiskia kwa mbavu kabla ifike masikio, ni kama kukaa juu ya wufa ya nganya ya Rongai.

Utamu mwingine uko kwa venye inashindwa. Wenye waliunda hizi vitu walikuwa wanatafuta sauti safi, kubwa, tulivu. Wagitaa wakageuza volyumu hadi mwisho. Tyubu ikisukumwa kupita uwezo wake haikati wimbi ghafla, inaliminya polepole, na kwa hio kuminywa kunazaliwa masauti mengine juu ya ile noti, ndo ile kukwaruza tamu yenye inakufanya ukunje uso bila kujua. Na inakujibu. Ukigusa nyuzi polepole inabonga kwa heshima, ukizichapa inafoka. Wacha knobu za amplifaya kabisa, shukisha ile volyumu ndogo ya kwa gitaa na kidole cha mwisho: sauti inasafika. Irudishe, moto. Msee anaeza piga shoo nzima na hicho kidole kimoja. Kwangu hio ndo sababu kubwa watu hawaachi hii kitu, kuliko hadithi zote za mastaa.

Lakini hadithi za mastaa pia ni noma, wacha nikupe mbili. Jimi Hendrix, jina lake kamili James Marshall Hendrix, alifika London 1966. Mchapa dramu wake, Mitch Mitchell, alikuwa amewahi kufanya kazi kwa duka ya Jim, so connection ilikuwa ya mtaa kabisa. Hendrix ndo alionyesha watu kelele ni chombo. Ukisimama mbele ya spika nane zinanguruma, hewa inatingisha nyuzi za gitaa, nyuzi zinarudisha sauti kwa amplifaya, amplifaya inarudisha kwa hewa, na noti inakataa kufa. Ukisonga hatua moja kushoto, inageuka kuwa noti ingine. Hio huwezi fanya na hedifoni, hata kama zimeandikwa Marshall.

Ya pili ni Eddie Van Halen. Yeye alishikanisha Super Lead yake na Variac, kidude cha kupandisha ama kushukisha volti ya stima, akaipeleka hadi kama volti 90 badala ya zile 120 za Marekani, ndo aweze kufungua kila knobu bila kubomoa nyumba. Halafu akaambia watu ati alikuwa anapandisha volti. Wasee wakajaribu, wakachoma amplifaya zao. Buda alikuwa mjanja mbaya. Huku kwetu kuna mitaa usiku bulbu inashuka hadi inakaa mshumaa, hio Variac unapewa bure, ila usijisifu: stima ikiyoyoma kila siku tyubu hazifurahii, na ikirudi na kishindo ndo ngori. Poa ni kwamba stima yetu na ya Uingereza ni karibu size moja, kama volti 240, so guka wa London hahitaji kibadilisha volti. Fender ya Marekani ndo itakusumbua.

Sasa keja. Super Lead haina masta volyumu, hio ilikuja na modeli ya mwaka wa 1975, so utamu na kelele vinakuja pamoja. Kwa bedsita ya Roysambu utaicheza dakika mbili kabla ya karetaka kufika. Watu huweka kidude cha kunyonya nguvu kati yake na spika, inasaidia. Wengine wanatumia programu kwa laptopu yenye inaiga sauti ya Plexi, na kwa kurekodi, mimi sioni shida, wengi hawawezi tofautisha. Hata zile kuta za maboksi kwa shoo kubwa za rock, nyingi zilikuwa tupu ndani. Luku tu.

Ukibahatika kukutana na Super Lead laivu, shikanisha spika kwanza, ju kuiwasha bila spika ni kuua transfoma. Washa pawa, ngoja tyubu zipate moto, ndo ufungue swichi ya standibai. Usifungue nyuma. Kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata ukishachomoa waya. Tyubu zikiisha unabuy nne zenye zinalingana, sai nyingi zinatoka Slovakia, China na Urusi, na 2022 vita ilipofanya za Urusi zikwame bei iliruka. Kuziweka sawa ni kazi ya fundi. Kama mtaani kwenu kuna mzee alikuwa akifix redio za tyubu, mjue mapema, umpelekee chai. Wamebaki wachache, na hio kazi haijaribiwi na msee ameshika simu mkono moja, video inacheza.