Mize iliyofungwa kwa sababu ya vumbi

Wandugu wa mine, mama na watoto wetu, mara hii siandiki juu ya mshahara wala prime. Nataka niwaelezee mahali nilipoona wakubwa wakisimamisha mambo kwa sababu ya vumbi. Tena hawakungoja miaka. Walingoja siku mbili.

Ilikuwa London, mwezi wa pili mwaka 2011. Sendika za kule zilialika madelege wa mine kutoka inchi mbalimbali, na mimi nilikuwamo. Siku ya mwisho wakasema leo hakuna mkutano, twende mize. Nilifikiri tunaenda kuona mifupa na kofia za wafalme. Kumbe ni Tate Modern, pembeni ya mto Thames. Nyumba ile zamani ilikuwa santrali ya umeme, ikazimwa mwaka 1981, na mwaka 2000 ikafunguliwa kama mize. Ukiingia unajua mara moja: ukumbi mrefu, mrefu sana, mahali pa maturbini. Nyumba ya kazi haijifichi, hata wakipaka rangi.

Chini palikuwa pamemwagwa kitu cha rangi ya majivu, kama changarawe, kirefu cha santimetre kumi hivi. Kamba imezuia watu. Nilikuwa na kaka mmoja delege wa Kitwe, Zambia. Yeye anasoma Kiingereza, na sisi wawili tunasikilizana Kibemba. Akanisomea karatasi ya ukutani.

Ile haikuwa changarawe. Zilikuwa mbegu za turnesoli, zile wengine wanaita alizeti, lakini za porselini. Zaidi ya milioni 100! Kila moja imepakwa rangi na mkono wa mtu. Msanii ni Mchina, Ai Weiwei, na watu 1.600 wa mji wa Jingdezhen ndio walizitengeneza, zaidi ya miaka miwili. Uzito wote tani 150. Kwa nini turnesoli? Sababu wakati wa Mao walichora yeye ni jua, raia ni maua yanayogeuka kumwangalia. Hiyo sikuhitaji mtu anielezee. Sisi wa wakati wa Mobutu tulimwona kila jioni kwenye televizioni, uso unatoka mawinguni.

Sasa sikilizeni. Kazi hii haikuwa ya kuangalia tu. Watu walipaswa kuingia ndani, watembee juu ya mbegu, walale, wazishike. Walifungua tarehe 12 mwezi wa kumi 2010, watoto wakacheza humo kama kwenye mchanga. Kiisha siku mbili, wakafunga. Miguu ya watu inasugua mbegu, mbegu zinatoa vumbi, na mize ilishauriwa kwamba mtu akilivuta mara kwa mara kwa muda mrefu linaweza kuharibu afya. Ndiyo maana ya kamba.

Nikamwambia yule kaka: « Soma tena. » Akasoma tena. Tulicheka wote wawili, lakini si kicheko cha furaha.

Porselini ni mawe. Mawe mengi yana silisi, ile iliyo ndani ya mchanga pia. Ukiyaponda, vumbi kubwa unaliona na kulitema. Ile ndogo kabisa, isiyoonekana, ndiyo inaingia ndani ya mapafu na kuacha makovu. Makovu hayo hayatoki. Ugonjwa unaitwa silikozi na hauna dawa ya kuuponya. Baba yangu alisimama pa konkaseri miaka 27. Alikohoa mpaka akaacha kulala chali, analala ameketi. Kwenye karatasi ya hospitali waliandika bronshiti, basi, malipo ya ugonjwa wa kazi hakuna. Na sasa naona watu wanalindwa kwa vumbi la nusu saa! Sikuwaonea wivu wale wageni. Nilifurahi kuona kwamba inawezekana: mtu anapima vumbi, anasema hapana, na kazi inasimama.

Pembeni walionyesha filamu ya Jingdezhen. Mawe yanatolewa mlimani, yanapondwa, udongo unamwagwa ndani ya mifano, unachomwa, kisha wanawake wanakaa na vikalamu vya rangi, mbegu moja moja. Hata neno kaolini, ule udongo mweupe, limetokana na jina la mahali pa karibu na mji ule, Gaoling. Nilikumbuka mama zetu wa Kolwezi wanaosafisha mawe ndani ya maji, mtoto mgongoni. Kazi ile nzuri, siwezi kusema uongo, nilisimama mbele yake muda mrefu. Lakini kwenye filamu nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: nani amevaa kashene?

Palikuwa pia vyumba vidogo vyenye kamera, unakaa, unamwuliza msanii swali lako. Mkono wetu ulikatazwa mbegu, sauti haikukatazwa. Niliingia, nikauliza kwa Kiswahili chetu: « Baba, wale waliponda mawe kule kwenu, vumbi yao nani alipima? » Jibu sikupata. Tarehe 3 mwezi wa ine serikali ya China ilimkamata kwenye kiwanja cha ndege cha Beijing, wakamshika siku 81.

Niliporudi, nikaweka habari hii mezani kwenye komite ya usalama. Inginyeri mmoja akasema: « Delege, kule ni mize, huku ni mine. » Tulibishana saa mbili. Siku hizi gari la maji linapita barabarani asubuhi na saa nane, zamani lilipita siku ya wageni tu. Kwenye kutoboa mawe tulipata maji pia, ila si mashine zote. Chombo cha kupima vumbi bado. Bibi yangu naye hakungoja komite: nguo za kazi hazikung'utwi tena ndani ya kiwanja, zinaloweshwa kwanza, na watoto wanakaa mbali.

Kikao kingine ni mwisho wa mwezi. Wa konkaseri, njooni, mtaje majina na miaka yenu, tuandike.