Nani Alishika Kamera? Kweli na Uongo Kuhusu Picha za Familia za Kiyahudi

Dabaso imezoea Wazungu. Watamu iko karibu, magofu ya Gede yako jirani, na watoto wa hapa hujua kusema "ciao" kabla hawajajua kuandika majina yao. Kwa hiyo picha za zamani za Wazungu wenye nyota ya kitambaa kifuani, yaani Wayahudi wa enzi ya Hitler, zikianza kupita kwenye simu, hakuna anayekosa maelezo. Haya hapa ni madai yanayorudiwa sana kwenye mabenchi ya mahamri na mbaazi kando ya barabara ya Malindi, na jibu la kila moja.

"Mbona wanacheka? Wangekuwa wanateswa, wangepiga picha za harusi?"

Si kweli kwamba kicheko kinafuta mateso, na dai hili nitakaa nalo kidogo kwa sababu ndilo linalopotosha wengi.

Mji wa Łódź nchini Poland ulikuwa na geto, yaani mtaa uliofungwa kwa ua na askari. Wajerumani walipolifunga mwaka 1940 lilikuwa na Wayahudi zaidi ya 160,000. Mmoja wao, Henryk Ross, aliajiriwa na baraza la Wayahudi la humo kupiga picha za vitambulisho na za viwandani. Kazi hiyo ilimpa kamera na filamu. Alichokipiga zaidi ya kazi aliyotumwa kingeweza kumgharimu roho: watu wakipakiwa kupelekwa kwenye kambi za kifo, watoto wakifukua ardhi kutafuta chochote cha kula. Alipiga pia harusi, akina mama na watoto wao, wapenzi wakibusiana. Iko picha ya mtoto aliyevishwa sare ndogo ya polisi wa geto, anacheza kumkamata mwenzake. Watoto huigiza wanachokiona, na hicho ndicho walichokiona.

Mwaka 1944, geto lilipokuwa linamalizwa, Ross alizika negativu zake ardhini. Alibakizwa na wachache wa kusafisha mtaa, akanusurika, na mwaka 1945 akazifukua. Maji yalikuwa yameharibu karibu nusu. Zilizobaki zilitumika kama ushahidi Jerusalem mwaka 1961, katika kesi ya Adolf Eichmann, afisa wa Hitler aliyeratibu usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa, na Ross mwenyewe alisimama kutoa ushahidi. Lakini zile za vicheko zilikaa miaka mingi bila kuonyeshwa, maana zilileta maswali magumu: wachache waliokuwa na vyeo ndani ya geto walikula wakashiba huku jirani akifa kwa njaa. Kwa maoni yangu zinaongeza uzito wa ushahidi wake. Aliyetaka kudanganya asingezipiga.

Kisha kuna picha zilizokutwa katika kambi ya kifo ya Auschwitz-Birkenau, zipatazo 2,400: harusi, vichanga, matembezi ya familia. Hazikupigwa kambini. Watu walizibeba kwenye mizigo yao, kwa sababu mtu akiambiwa afunge virago asijue aendako, picha ya mama yake haiachi nyumbani.

"Zote zilipigwa na watu waliotaka kuwasaidia."

Si kweli kabisa, na hapa ndipo mtazamaji anapotakiwa kuwa macho. Nyingi kati ya zile maarufu zilipigwa na watesi wenyewe. Yule mvulana wa Warszawa aliyeinua mikono mbele ya bunduki anatoka katika ripoti ya jenerali wa SS (kikosi cha Hitler), Jürgen Stroop, aliyoiandaa mwaka 1943 kujisifia kazi ya kulivunja geto la mji huo. Stroop alinyongwa mwaka 1952 katika mji huohuo.

Albamu ya Auschwitz, yenye picha karibu 200, nayo ni kazi ya askari wa SS. Inaonyesha Wayahudi kutoka Hungaria wakishuka kwenye mabehewa mwaka 1944, wakipangwa mistari, wazee na watoto wakielekezwa upande wa kuuawa bila wao kujua. Aliyeiokota ni msichana Myahudi, Lili Jacob, baada ya kambi ya Dora alikokuwa amefungwa kukombolewa mwaka 1945. Alipoifungua aliwaona watu wa kijiji chake, na wadogo zake wawili wa kiume wamesimama wamevaa makoti. Walishakufa. Mwaka 1980 aliikabidhi Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu iliyoko Jerusalem.

Watu wa Dabaso hawahitaji kufundishwa sana jambo hili. Mtoto wa hapa ameshapigwa picha na watalii mara nyingi, na hajui hata moja iliishia wapi wala iliandikwa nini chini yake. Tofauti ya nia ni kubwa mno, sihitaji kuisema. Lakini swali la kwanza ni lilelile: kamera ilikuwa mkononi mwa nani?

"Wajerumani ndio waliofanya. Waitaliano ni watu wa raha, hawakuwa na neno."

Hili hupendwa sana Watamu na Malindi, mahali penye pizza kila kona. Si kweli. Serikali ya Mussolini ilitunga sheria za ubaguzi wa rangi mwaka 1938: watoto wa Kiyahudi wakafukuzwa shule za umma, walimu na watumishi wa serikali wakaachishwa kazi. Nchini Libya, iliyokuwa koloni lao, Wayahudi walirundikwa mwaka 1942 katika kambi ya Giado jangwani, na zaidi ya 500 wakafa, wengi kwa homa ya chawa na njaa. Ni haki pia kusema kwamba hadi mwaka 1943 makamanda wa Italia katika baadhi ya maeneo waliyoyateka, kama kusini mwa Ufaransa, walikataa kuwakabidhi Wayahudi kwa Wajerumani. Yote mawili yalitokea.

"Sawa, lakini Afrika yetu ya Waswahili haimo katika habari hii."

Imo. Kisiwa cha Rhodes kilikuwa chini ya Italia tangu 1912, na Wayahudi wake walikwishaanza kuhamia Kongo ya Wabelgiji kutafuta biashara, wengi wakitua Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mji wa Kiswahili cha Katanga. Sheria za 1938 ziliwasukuma wengine huko. Waliobaki kisiwani walikamatwa na Wajerumani Julai 1944, zaidi ya 1,600, wakasafirishwa kwa meli hadi Ugiriki bara, kisha kwa treni hadi Auschwitz. Walionusurika ni kama 150. Ndiyo maana picha za harusi na sikukuu za Rhodes zinaweza kuwa zimehifadhiwa kabatini Lubumbashi wakati nyumba zilikopigwa hazikubaki na mwenyewe. Sinagogi la Lubumbashi bado limesimama.

"Wale Wazungu maskini wa Tengeru ni Wayahudi."

Si kweli kwa walio wengi. Kambi ya Tengeru karibu na Arusha ilikuwa na Wapolandi wapatao 5,000, hasa wanawake na watoto, Wakatoliki kwa sehemu kubwa. Uliowang'oa kwao ni utawala wa Sovieti wa Stalin, uliowapeleka Siberia na Asia ya Kati, kisha wakapitia Iran hadi Afrika Mashariki. Ukiona nyumba za udongo za duara na watoto weupe, usikimbilie kuandika "Wayahudi".

Na wale wanaume walio nyuma ya seng'enge Gilgil? Hao ni Wayahudi, kweli, lakini waliofungwa na Waingereza, si na Hitler. Walikuwa wapiganaji wa chini kwa chini waliohamishwa kutoka Palestina. Walirudishwa kwao Julai 1948.

"Kenya iliwapokea wakimbizi wa Kiyahudi kwa mikono miwili."

Nusu ya kweli, na nusu hiyo ni ndogo. Mamia waliingia kupitia Mombasa na kupanda treni kwenda bara. Lakini walowezi wengi hawakuwataka, na vita vilipoanza Septemba 1939, Myahudi aliyemkimbia Hitler akawa hapa "raia wa nchi adui" kwa kuwa tu alizaliwa Ujerumani. Wanaume waliwekwa kizuizini, na baadhi ya wake na watoto wakafungiwa katika hoteli ya Norfolk, Nairobi. Mfungwa hotelini! Baadaye baadhi ya wanaume haohao walivaa sare za jeshi la Uingereza.

Mmoja wao alikuwa baba yake Stefanie Zweig, mwanasheria aliyegeuka kuwa msimamizi wa shamba Rongai. Stefanie aliletwa Kenya mwaka 1938 akiwa na miaka mitano, akakua akizungumza Kiswahili, akarudi Ujerumani mwaka 1947. Riwaya aliyoitunga kutokana na maisha hayo, Nirgendwo in Afrika, ilitoka mwaka 1995. Filamu yake ya 2001, iliyopigwa Kenya, ilishinda Oscar mwaka 2003. Angalizo: picha za rangi za msichana mweupe na mpishi Mwafrika zinazosambazwa kama kumbukumbu za vita zinatoka kwenye filamu hiyo, na walio ndani yake ni waigizaji.

"Picha za Kenya zinaonyesha familia za Wazungu tu."

Si kweli, ila maandishi ya chini yake ndiyo yanayotaja Wazungu tu. Katika picha za mashamba ya enzi hiyo, kando ya mkimbizi na mkewe mara nyingi yuko mpishi, yaya au mchungaji, ameandikwa kazi yake au hakuandikwa kabisa. Ardhi yenyewe walipokuwa wamesimama ilitengwa kwa Wazungu, Mwafrika haruhusiwi kuimiliki. Owuor, mpishi wa akina Zweig, tunamjua kwa sababu Stefanie alimwandika. Yad Vashem na jumba la kumbukumbu la mauaji ya Wayahudi lililoko Washington zimeweka maelfu ya picha mtandaoni. Mwenye babu aliyefanya kazi mashamba ya Rongai, Nakuru au Gilgil miaka ya 1940 na azipekue, kisha awaandikie jina la aliyesimama nyuma.