Baba na mama wameachana: mutoto atakaa wapi?

Wakati ndoa inavunjika, watu wanabishana kwanza juu ya vitu: nani anabaki na nyumba, nani anachukua friji, nani anarudisha mali ya ndoa. Kisha wanafika kwa watoto, na wanawagawanya kwa maneno yale yale. "Batoto ni bangu, juu ni miye nililipa mali!" Neno hili linasikiwa katika kambi zetu toka Kipushi mpaka Kolwezi. Tulitazame vizuri.

Desturi zetu zenyewe hazipatani. Kwa Waluba wa Katanga, mutoto ni wa jamaa ya baba. Lakini kwa Wabemba na Walamba, ukoo unafuata mama, na mujomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilianza kukalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto, na watu wa makabila mbalimbali wakaoana. Basi, baba Muluba na mama Mubemba wakiachana kule Likasi, tutafuata desturi ya nani? Kila upande utachagua ile inayoupatia mutoto!

Sheria ya inchi inajibu kwa njia nyingine. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 mwezi wa 8, 1987, iliyotengenezwa upya mwaka 2016, inadai mahari ili ndoa ifungwe. Lakini kwa kuchagua nani atakayelea mutoto, juji anapaswa kutazama faida ya mutoto mwenyewe. Sheria ya mwaka 2009 ya kulinda watoto inatia nguvu neno hilo kwa kila mutu asiyetimiza miaka 18. Tena kuna Mapatano ya mataifa juu ya haki za mutoto, ya mwaka 1989, ambayo inchi yetu iliyakubali mwaka 1990. Kifungu cha 9 kinasema kwamba mutoto aliyetengwa na muzazi wake ana haki ya kuendelea kuonana naye, isipokuwa kama kuonana huko kunamuletea hasara. Angalia vizuri: haki ni ya mutoto. Mama anayemuficha mutoto kwa nkambo wake mugini hamunyanganyi baba tu.

Mambo ya kuachana yanapelekwa kwa tribinali ya amani. Juji anawasikia kwanza bwana na bibi, akijaribu kuwapatanisha. Ikishindikana, anakata neno, na mutoto anapewa mumoja wao. Yule mwingine anabaki muzazi: ataangalia masomo na malezi, na atatoa kadiri ya uwezo wake.

Lakini wengi wetu hawafiki kwa juji. Jamaa mbili zinakaa, wazee wa kanisa wanaitwa, na wanamaliza hivi: "Mutoto atakuwa anaenda kwa baba yake mara kwa mara." Hapo ndipo ugomvi mupya unazaliwa, maana "mara kwa mara" ni lini? Semeni siku na saa. Semeni nani atamuleta, nani atamurudisha, nani atalipa gari. Kama baba anafanya kazi ya usiku kwa zamu, siku zifuate zamu yake. Kama mumoja yuko Likasi na mwingine Kolwezi, hapo ni karibu kilometa 180. Musidanganyane kwamba itakuwa kila posho. Gawanyeni likizo kubwa ya mwezi wa 7 na wa 8, na katikati telefone ilie kwa saa inayojulikana. Andikeni karatasi mbili, kila mutu ashike yake.

Juu ya feza. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines, na baba wengi mpaka leo hawana mushahara wa mwezi. Anayechimba kwa mikono anapata leo, kesho hapana. Basi mapatano yanaweza kutaja gunia la unga, viatu vya masomo, dawa. Na wewe baba uliye na kazi ya sosiete, usimufute mutoto kwenye liste ili umwazibu mama yake. Atakayerudishwa mulangoni pa hospitali akiwa na homa si mama.

Wamama nao wanasema: "Hakuna franga, hakuna kuona mutoto." Hapana. Hayo ni mambo mawili. Deni lipeleke kwa juji, mutoto mwache aende. Kinachoweza kufunga njia ni hatari ya kweli, kama vile kupigwa au ulevi. Hata hapo, juji anaweza kuamuru waonane mbele ya mutu mwingine.

Na wewe kijana ambaye wazazi wako wameachana, uko na haki ya kusikiliwa. Wakikutuma "umwambie baba yako hivi, umwambie mama yako vile," unaweza kujibu kwa heshima: "Mama, umwambie wewe mwenyewe."

Inabaki siku ya proklamasio ya masomo. Wazazi wengi wanaiacha nje ya mapatano, kisha wanagombana mbele ya mwalimu. Iandikeni nayo: wote wawili watakuja, hata kama mumoja atakaa mbele na mwingine nyuma kabisa.