Askari Polisi: Mshahara Wake, Uhamisho Wake na Dhamiri Yake

Katika Mwaka C wa liturujia, Jumapili ya tatu ya Majilio, tunasoma Injili ya Luka sura ya 3. Watu wanamwendea Yohane Mbatizaji kando ya Yordani na kumuuliza wafanye nini. Makutano wanauliza, watoza ushuru wanauliza, na mwishowe askari nao wanauliza. Mahubiri mengi hukazia mambo mawili waliyoambiwa askari hao: wasimdhulumu mtu na wasimsingizie mtu. La tatu, kwamba watosheke na mshahara wao, hupitwa haraka. Lakini tukisoma jibu hilo polepole tunagundua kwamba Yohane hakuwaambia waache kazi. Na tena, aliuweka mshahara wa askari na dhuluma ya askari katika jibu moja, kama mtu aliyejua kwamba ni vigumu kuzungumzia kimoja bila kugusa kingine.

Sisi hapa Kenya tumezoea kuvitenganisha. Siku moja tunazungumza juu ya polisi wanaodai kitu kidogo barabarani na wanaofyatua risasi kwenye maandamano. Siku nyingine, tena mara chache, tunazungumza juu ya polisi wanaolala kwenye vibanda vya mabati. Tangu Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni na vijana wakauawa kwa risasi, mazungumzo ya kwanza yameyameza yale ya pili kabisa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu makumi ya waliopoteza maisha katika maandamano ya mwaka ule. Siku hiyo hiyo ya Juni 25 kundi la kwanza la polisi wetu lilitua Haiti kwenda kulinda usalama wa watu wengine.

Kwa Kanisa jambo hili si habari ya gazeti tu. Katika parokia zetu mzazi aliyezika mtoto na afisa aliyekuwa zamu siku ile wanaweza kujikuta katika mstari mmoja wa Komunyo, na baada ya Baba Yetu wanaalikwa kutakiana amani. Hatuandiki makala hii kumtetea aliyeua. Damu ya mtu inadai haki, na haki hiyo hutafutwa mahakamani. Tunaandika kwa sababu tumeona kwamba waamini wengi, nasi waseminari tukiwemo, tunamjua polisi kwa sare yake tu, wala hatujui kazi yake imejengwaje.

Tuanzie mlangoni. Usajili wa makurutu hufanyika uwanjani kwa siku moja: mbio, kupimwa urefu, kukaguliwa meno na vyeti. Kijana mmoja huchukuliwa, na mamia hurudi nyumbani. Kila mwaka wa usajili husikika minong'ono ya wazazi waliouza ng'ombe au kipande cha shamba ili jina la mtoto litokee. Si minong'ono mitupu. Mwezi Oktoba 2014 Mahakama Kuu ilifuta usajili wa makurutu 10,000 uliofanyika Julai mwaka ule, baada ya IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, kwenda mahakamani ikilalamikia ufisadi na ukiukaji wa taratibu. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ilikubaliana na uamuzi huo. Hebu tufikirie maana yake kwa kijana mmoja. Anavaa sare kwa mara ya kwanza akiwa tayari ana deni la ukoo mzima. Ng'ombe wa baba lazima warudi. Kabla hajajifunza kuandika taarifa katika kitabu cha matukio, ameshafundishwa na watu wazima kwamba nafasi hununuliwa. Na hapo tukubali aibu yetu: waliouza ng'ombe ni wazazi Wakristo, na wengine wao huomba Misa ya shukrani mtoto akipita.

Kisha mshahara. Desemba 2022 serikali iliunda jopokazi chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lichunguze masharti ya kazi ya polisi, askari magereza na Huduma ya Vijana kwa Taifa. Ripoti ilikabidhiwa Novemba 2023, na moja ya mapendekezo yake yaliyozungumzwa zaidi ni kuongeza mishahara ya maafisa wa ngazi za chini kwa asilimia 40. Kiwango hicho chenyewe kinatosha kutuonyesha jinsi wale wa chini walivyokuwa wameachwa nyuma. Nyongeza ilipangwa kutolewa kwa awamu, na kama ilivyo kwa nyongeza yoyote ya awamu, bei ya unga haikusubiri.

Makazi ni kidonda cha zamani zaidi. Aliyewahi kutembelea laini ya polisi anajua familia mbili zilivyogawana chumba kimoja kwa pazia katikati, watoto wa huku wakisikia kila kinachosemwa kule. Mwaka 2018 serikali ilibadilisha mpango: Polisi Tawala wengi waliingizwa katika Polisi wa Kenya, sare ya buluu ikaletwa, na maafisa wakatakiwa kukodi nyumba mitaani kwa marupurupu ya nyumba na kuishi kati ya raia. Nia ilikuwa njema, maana jirani humheshimu jirani. Ila afisa anayefanya doria Kayole au Likoni usiku hupata shida kukodi chumba kwenye ploti ile ile anamoishi kijana aliyemkamata wiki iliyopita. Mke na watoto hubaki peke yao akiwa zamu. Wenye nyumba nao, tuseme ukweli, wengine hawataki mpangaji polisi.

Mambo haya mawili, mshahara na nyumba, yanajulikana. Tunaloliona kuwa zito zaidi, na ambalo halisemwi sana kanisani, ni namna afisa anavyopandishwa cheo na kuhamishwa.

Katiba ya 2010 ina ibara mbili zilizo jirani. Ibara ya 245 inampa Inspekta Jenerali uhuru wa kuongoza polisi, na inakataza mtu yeyote kumwelekeza kuhusu kuajiri, kupangia kazi au kupandisha cheo afisa. Ibara ya 246 inaunda Tume ya Kitaifa ya Huduma kwa Polisi na kuipa jukumu la kuajiri, kuamua upandishaji vyeo na uhamisho, na kusimamia nidhamu. Msomaji anaweza kuona mvutano unapoanzia. Mara kadhaa Tume na ofisi ya Inspekta Jenerali zimegombania nani ana neno la mwisho, na mafahali hao wawili wakipigana, konstebo wa Lodwar ndiye nyasi. Faili lake liko juu ya meza ambayo hajui ni ya nani.

Wapo waliojisomea kwa mikopo wakapata digrii wakitumaini kupanda. Mwaka 2018 makonstebo wenye digrii, waliokuwa wakilipwa karibu na kiwango cha inspekta, walikuta mishahara yao imepunguzwa, ilhali makato ya mkopo yalibaki yale yale. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba bidii hulipa, atacheka tu.

Uhamisho nao umegeuka kuwa fimbo na peremende. Kituo chenye barabara kuu ni peremende. Kituo cha mpakani ni fimbo. Mchujo wa polisi ulioanza Desemba 2013 ulifunua jambo tunaloliona kuwa ufunguo wa yote. Tume ilipochunguza fedha za M-Pesa za maafisa wa trafiki, ilikuta wadogo wakiwatumia wakubwa wao pesa mara kwa mara. Yaani shilingi 50 au 100 anayotoa makanga pale kwenye kizuizi haiishii mfukoni mwa konstebo. Sehemu yake hupanda ngazi, na aliyesimama juani anailipa ili asiondolewe pale. Ukimhubiria huyo wa chini peke yake, umemhubiria mpangaji na kumwacha mwenye nyumba. Na asiyetaka kutoa huondolewa kimyakimya, kisha tunajiuliza polisi waaminifu wako wapi. Wengi wao wako mbali na barabara.

Hawawezi kugoma wala kuunda chama cha wafanyakazi. Ibara ya 24 ya Katiba inaruhusu haki zao za kazi ziwekewe mipaka, na sheria imefanya hivyo. Kuna sababu: nchi haiwezi kulala bila polisi. Lakini asiyeruhusiwa kujisemea anahitaji wa kumsemea. Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mshahara hauwi wa haki kwa sababu tu mfanyakazi ameukubali. Lazima uweze kumtunza mtu anayeishi kwa kiasi. Waseminari tunausoma waraka huo tukiwafikiria wafanyakazi wa viwandani na mashambani. Ni nadra kumfikiria aliyesimama langoni pa benki na bunduki usiku kucha. Jibu la Yohane linawafunga askari watosheke, lakini halimfungulii mwajiri mlango wa kuwapunja.

Hatari za kazi tutazitaja kwa ufupi, si kwa sababu ni ndogo. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, maafisa zaidi ya 40, pamoja na polisi wa akiba, waliuawa wakifuata mifugo iliyoibwa. Mandera, Garissa na Lamu magari ya polisi yamelipuliwa kwa mabomu ya kutegwa barabarani mara nyingi. Anayenusurika hurudi kazini na bunduki ile ile, na aghalabu bila mtu wa kumuuliza amelalaje. Ndipo tunaposikia afisa amejiua, au ameua mke wake kisha akajiua, na kijijini watu wanasema alikuwa amelaaniwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2282 na 2283, inatufundisha kwamba mateso makubwa ya nafsi yanaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wao bali tuwaombee. Tume imeanzisha huduma ya ushauri nasaha, na makapelani wapo, lakini afisa wengi huogopa kwenda. Wanahofia kunyang'anywa silaha, kucheka kwa wenzao, na jina kuandikwa kwenye faili.

Sasa swali ambalo sisi tunaojiandaa kwa upadre tutaulizwa katika kiti cha kitubio: Padre, niliamriwa.

Mafundisho ya Kanisa hayana utata. Katekisimu, namba 2265, inasema kujilinda kihalali kunaweza kuwa si haki tu bali wajibu mzito kwa aliyekabidhiwa maisha ya wengine. Kwa hiyo bunduki ya polisi si dhambi. Lakini namba 2242 inamfunga mtu kwa dhamiri asitii amri ya wenye mamlaka inayopingana na maadili. Wengi hawajui kwamba sheria ya nchi inasema karibu jambo hilo hilo. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka afisa atumie kwanza njia zisizo za nguvu, na linasema wazi kwamba kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Afisa aliyepiga risasi kijana anayekimbia hana pa kujificha, si kwa Mungu wala mahakamani. Aliyekataa naye ana sheria ya kushikilia, ingawa tunajua anaweza kujikuta amehamishiwa mbali kabla ya mwezi kuisha. Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi kinapokea malalamiko ya raia na pia ya maafisa wenyewe. Padre mshauri anapaswa kujua hilo kama anavyojua namba za Katekisimu.

Swali la pili la kitubio ni la fedha. Katekisimu, namba 2412, inadai kurudisha kilichochukuliwa bila haki. Zakayo alijua aliowadhulumu. Afisa wa trafiki atawapata wapi abiria na makanga wa miaka minane? Wanateolojia wa maadili wamefundisha tangu zamani kwamba mwenye mali asipojulikana, mali hiyo huenda kwa maskini. Anayetubu asiitoe kama sadaka ya kujionyesha kwenye harambee ya kanisa. Nasi pia tuwe waangalifu na bahasha nono zinazotoka sehemu tusizoziuliza. Makanga naye asijihesabu nje: Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika mtoaji na mpokeaji, na dhamiri vilevile, ijapokuwa aliyelazimishwa na aliyenunua njia ya mkato hawana uzito mmoja.

Liko jambo dogo ambalo parokia zinaweza kulifanya mwezi huu bila kungoja jopokazi lingine. Afisa akihamishwa kwa ghafla, familia yake hupotea. Mtoto aliyekuwa mwaka wa pili wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza anafika parokia mpya katikati ya muhula, anaambiwa aanze upya, na pengine anahamishwa tena kabla ya Pasaka. Jumuiya ndogo ndogo ya kule alikotoka haijui alikokwenda, na ya kule alikofika inaona sare na kunyamaza. Katekista anaweza kumwandikia barua ya maendeleo siku anayoaga, na paroko akampigia simu mwenzake wa kule aendako. Namba ya simu ya parokia iko kwenye kalenda ya jimbo.